Utumwa wa Bomba

Volkano ilikata bomba letu la maji, tukaliunganisha mawe yakiwa bado ya moto. Kombora lililikata, tukaliunganisha watu wakiwa bado wamejificha chini ya vitanda. Kilichotushinda ni neno moja la Kifaransa, lililotafsiriwa ukumbini mchana kweupe, mbele ya mtu aliyejua maana yake, akacheka, akanyamaza.

Leo bomba jingine linapita mbele ya lango la mama yangu. Ni nene kuliko letu, la buluu, na limefuata ukingo uleule wa barabara ambao watu wa mtaa wetu waliusawazisha kwa nyundo na mikono. Maji yaliyomo yanakwenda kwingine. Asubuhi na mapema, kabla pikipiki hazijaanza, ukisimama langoni unayasikia yakipita. Mama anayasikia, kisha anachukua bidoni yake, dumu la maji, anakwenda ziwani.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu hapa kwetu hasira isiyo na utaratibu inaitwa kelele, na kelele haina pa kupelekwa.

Kabla ya volkano, maji ya Leta yaliishia mitaa miwili chini yetu. Leta ndiyo serikali. Ni Kifaransa kilichopita katika midomo yetu, na watu wa Goma walichoka zamani kuchekea kwamba serikali yao ina jina la amri: leta kuku, leta kitambulisho, leta kodi. Kwa kuwa Leta haikuleta, mtaa wenyewe uliamua. Parokia ilitoa mashine ya kuvuta maji, watu wa msikiti wakatafuta mabomba, na vijana wakayalaza kutoka ziwani hadi kwetu kwa kufuata ukingo wa barabara. Mwisho wake ilikuwa robine moja ya kufungulia na kutekea maji, karibu na nyumba yetu. Ufunguo wa robine alipewa mama yangu, kwa sifa moja: hagombani na mtu mara mbili. Mara ya kwanza inatosha.

Hakuna aliyeuliza ukingo wa barabara ni wa nani. Kwa kweli tuliuliza, lakini kwa namna yetu. Chifu wa kartiye, yaani wa mtaa, alialikwa, akatembea na vijana tangu ziwani, akionyesha kwa fimbo: pitisheni hapa, hapa epukeni, hapa kuna choo cha watu. Akala nao, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini. Mkubwa ametia mguu mahali, watu wamemwona. Barabara ni ya Leta, walisema, na ziwa ni la Mungu, basi bomba linatoka kwa Mungu linapita kwa Leta.

Januari 2002 mlima ulipasuka. Tulivuka mpaka na kila mtu, tukarudi na kila mtu, maana huko hapakuwa na chakula wala pa kulala. Tuliporudi barabara haikuwa imeharibika. Haikuwapo. Palikuwa na mawe meusi yaliyojaa hadi juu ya malango, yakitoa moshi, na chini yake mahali fulani ndiko kulikokuwa na barabara, mitaro, bomba letu, na duka la mtu aliyekuwa akituuzia chumvi.

Vijana walikuwa na haraka. Walinyoosha bomba jipya la plastiki juu ya mawe hata kabla hayajapoa, nalo likalegea kama jani la mgomba juu ya makaa. Ndipo wakakata matairi ya magari vipandevipande, wakayatandika chini, wakalaza bomba jingine juu yake. Maji yalitoka yakiwa vuguvugu, yana ladha ya mpira. Watu walipanga mstari mrefu kuliko wa kura.

"Ona sasa," mzee mmoja alisema akinawa uso. "Volkano imetuletea maji ya moto kama ku hoteli."

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa kipindi kile. Walikuwa na bendera, mihuri na ofisi, na kila ofisi ilikuwa na mtu wa kukaa ndani yake. Miezi kadhaa baada ya moto, walipotaka kuchonga barabara mpya juu ya mawe, walituma bwana mmoja kuzungumza na mtaa wetu katika ukumbi wa parokia, mmojawapo wa kumbi chache zilizobaki na paa. Alikuja na injinia na mkoba wa ngozi. Alisema Kifaransa tu. Alitafsiriwa na mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, mtu mpole aliyezaliwa Rutshuru, ambaye pia alifundisha katekisimu.

Sasa hapa nataka msomaji asikilize vizuri. Kabla ya kikao nilikuwa nje, karibu na gari la yule bwana. Nilimsikia akimgombeza dereva wake kwa sababu ya pancha, na alimgombeza kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri cha Bukavu, bila kutafuta neno hata moja. Aliingia ukumbini akakiacha mlangoni kama mtu anayevua viatu.

Alieleza kwamba barabara mpya itakuwa na kingo zake, na kingo hizo si mahali pa kila mtu kulaza kitu chake. Mwenye bomba linalopita kando ya barabara, au linaloshuka hadi ufukoni, lazima awe na servitude. Mtaa ukikubali siku hiyo, jambo litaandikwa, na bomba litakaa kwa haki.

"Anasema," mwalimu akaanza, akiliita bomba tiyo kama tuliitavyo sisi, "ili tiyo ipite pembeni ya barabara na ifike ku ziwa, lazima sisi wote tukubali..." Akasita. Akamgeukia yule bwana. "Servitude?"

"Servitude," bwana akajibu.

"Lazima tukubali utumwa."

Ukumbi ukaanza kuvuma.

"Utumwa wa nani?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele.

"Wa tiyo, naona," mtu akamjibu, na watu wakacheka.

"Miye na hii miguu nitumikie tiyo? Itanituma wapi?"

Mzee wa maji ya hoteli alisimama, yeye hakucheka. "Bazungu balitufanyisha ile barabara na fimbo. Kisha ikakuja salongo, kila juma unaacha kazi yako unaenda kufagia ya Leta. Hawakuiita utumwa, waliita maendeleo. Leo hawa banaita na jina yake ya kweli. Tuwashukuru, hawajifichi tena."

Mama yangu akasimama nyuma. Sisi ni watu wa Maniema. Babu zetu walifika huku na misafara ya biashara, na katika nyumba zetu neno hilo halitamkwi mbele ya wageni, kwa sababu kati ya waliofika kuna waliokuja na bunduki begani na kuna waliokuja na kamba shingoni, na hakuna anayependa kuulizwa yeye ni mjukuu wa yupi.

"Mwalimu," alisema, "umuambie bwana yako: hapa hakuna mutumwa. Tiyo ni yetu. Ilipita, na itapita. Tunakatala."

"Tunakatala!" ukumbi mzima ukaitikia, na makofi.

Mwalimu hakukosea kama mjinga anavyokosea. Alikosea kama mtu aliyesoma. Katika Biblia ya Kifaransa Misri inaitwa nyumba ya servitude, na katika ya Kiswahili nyumba ya utumwa. Aliwafundisha watoto mstari huo miaka na miaka kwa lugha zote mbili. Angelitafsiri vipi vingine?

Lakini yule bwana wa mkoba alijua. Alilisikia neno la Kiswahili likitoka, akalisikia likianguka juu ya watu, na sentensi moja tu ya Kiswahili chake cha Bukavu ingetosha: hapana, mama, si hivyo. Alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Alimnong'oneza injinia, naye injinia akacheka. Kisha akafunga mkoba, akasema kwa Kifaransa kwamba wakazi wamekataa na kwamba kukataa kwao kumesikika. Mwalimu akatafsiri. Tukapiga makofi tena. Tulijipigia makofi wenyewe, na yule mtu akatuangalia tukipiga. Nimeona watu wengi wabaya katika mji huu, wengine wana bunduki. Huyo hakuwa na bunduki, na bado namweka mbele yao.

Miaka ilipita, maji yakaendelea. Barabara mpya ilichongwa, si juu ya ile ya zamani kamili bali kando yake kidogo, na bomba letu likawa linapita ukingoni mwa barabara mpya. Hakuna aliyetusumbua. Mwalimu alistaafu, akahamia mji wa Kiwanja, upande wa Rutshuru, kwa watoto wake, ambako walikuwa wakilima na kuuza maharagwe. Waasi wale waliingia katika serikali kwa mkataba wa amani, wakaingia na makaratasi yao. Waasi wengine wakatokea. Siku mapigano yalipofika karibu na uwanja wa ndege, kombora liliangukia barabara na kulipasua bomba. Milio ilipopungua mama alikuwa tayari nje, akiwaita vijana kwa majina kupitia madirisha, akiwaambia kwamba woga na kiu haviwezi kukaa nyumba moja. Walitoka. Liliunganishwa.

Kisha ikaja kampuni ya maji. Kwanza tuliona vijiti vyenye vitambaa vyekundu vimechomekwa kando ya barabara hadi ziwani. Baadaye, asubuhi moja, lori likasimama mbele ya robine. Wakashuka wafanyakazi na misumeno ya chuma, na kijana mmoja wa mambo ya sheria mwenye viatu vilivyochongoka, vilivyokuwa vikimhangaisha juu ya mawe. Mama alikuwa ameketi pale, bidoni za watu zimepangwa mbele yake.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto wangu. Munatafuta nani?"

"Hatutafute mutu. Tunakuya kutoa ile tiyo."

"Iko na nini? Inavuja?"

"Haivuje. Inapita hapa bila haki. Haina servitude."

Lile neno mama hakuwa amelisahau. Akasimama. "Ile tulikatala. Uulize bakubwa yako. Hapa hakuna batumwa."

"Njo ivo, mama. Nyiye mulikatala, kampuni ikakubali."

"Kampuni imekubali kuwa mutumwa?"

Wafanyakazi wakacheka. "Mama," mmoja akasema, "na sisi tunangojea kuona patron ku munyororo!"

Kijana wa sheria alicheka nao, kisha akautazama uso wa mama na kicheko kikamwisha. Nafikiri ndipo alipotambua kwamba mama hakuwa anatania.

"Mama, servitude haiko utumwa ya mutu," alisema polepole. "Ni ruhusa. Unapitisha kitu yako ku udongo ya mwingine, ao ya Leta, na hawezi kukufukuza. Udongo njo inatumika. Hapana mutu."

"Ruhusa."

"Ruhusa tu."

"Ya kupita."

"Ya kupita, mama."

"Na juu ya nini hakusema ruhusa?"

"Nani?"

"Yule wa kwenu."

"Miye sikukuwa, mama. Nilikuwa ningali ku masomo ya primaire."

Mama alikaa tena, lakini si juu ya kiti. Alikaa juu ya bomba lenyewe, akakunja kitenge chake kati ya magoti. Wafanyakazi walimtazama kijana, kijana akatazama viatu vyake. Mkubwa wao akasema, "Mama, toka tu, musumeno haina macho." Hakutoka. Wakashuka chini kidogo, mahali ambapo hakuna mtu amekaa, wakakata huko.

Ardhi yetu ni mawe ya volkano, maji hayatuami juu yake. Maji yote yaliyokuwa ndani ya bomba yalimwagika yakazama kati ya mawe papo hapo, na hapakubaki hata tope la kumwonyesha mtu kwamba kitu kimefanyika.

Katika msimu huohuo watu wa mtaa walianza kuteka ziwani. Pale ufukoni kuna wasichana wa kujitolea wenye sirinji, wanaotia dawa katika kila bidoni kabla hujaiweka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au kichwani. Wasichana wanafanya kazi vizuri, lakini hawapo saa zote, na kiu ipo saa zote. Kipindupindu kikaingia katika nyumba ya jirani, kisha katika yetu. Mama alilazwa. Aliporudi alikuwa mwembamba na mwenye swali moja, alilokuwa akimuuliza kila anayekuja kumsalimu: kama ilikuwa ruhusa, kwa nini hatukuambiwa ruhusa?

Watu walitafuta wa kulaumu, wakampata mwalimu, kwa kuwa hayupo. "Alituuza," walisema. "Watu wa Rutshuru hao." Nilisikia maneno hayo kwenye foleni ya ziwani, kwa majirani waliowahi kusomeshwa naye, na yalinikasirisha karibu sawa na msumeno. Hakuna aliyemtaja bwana wa mkoba. Sura yake walikuwa wameisahau. Mtu anayecheka na kunyamaza haachi alama.

Tulikwenda mahakamani, mama akiwa mbele kwa niaba ya mtaa. Tulichoomba hakikuwa kikubwa: turudishiwe haki ya kupitisha bomba letu kando ya lile la buluu la kampuni. Ukingo ni mpana, unatosha mabomba mawili na mbuzi katikati. Wakili wa kampuni alisema haki hiyo ilitolewa kwa waliokubali. Sisi tulipewa nafasi, tukakataa mbele ya mashahidi, tena kwa makofi. Wakili wetu alisema kukataa kule kulikuwa mbele ya waasi. Yule wa kampuni akajibu kwamba waasi hao walikuja kuwa serikali, na lililosemwa mbele yao lilihamia nao. Sheria, aliongeza, iko katika Kifaransa, na kutokijua Kifaransa si utetezi.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo iliyomlazimisha kila mtu kuacha kukohoa. Alimgeukia wakili wa kampuni.

"Maître, mtu anaweza kukataa kitu ambacho hakuambiwa?"

Wakili alisema waliambiwa.

"Waliambiwa utumwa," jaji akasema. "Ndivyo wanavyodai. Mimi nataka kumsikia aliyetafsiri. Aje mwenyewe, asimame hapa, aseme alitamka neno gani na yule ofisa alifanya nini."

Nilimpigia mwalimu simu jioni ileile. Nilikuwa na hofu kwamba angejitetea. Hakujitetea. "Nilisema utumwa," alijibu. "Na yeye alicheka, nilimwona. Nitakuja kusema yote mawili." Aliuliza hali ya mama. Nikamwambia. Akasema atapanda gari wiki ijayo.

Wiki ijayo haikufika. Waasi, wengine tena au walewale kwa jina jipya, walichukua Rutshuru na Kiwanja, na barabara ikafungwa Kibati, nje kidogo ya Goma. Upande huu wanajeshi, upande ule wao, katikati mashamba ambayo hakuna aliyevuna. Kiwanja si mbali. Kabla ya hapo mtu aliondoka huko na mboga alfajiri zikauzwa Goma mchana. Sasa kila kikao kilikwisha vilevile: jaji anauliza kama shahidi amefika, tunasema barabara, jaji anaahirisha. Alikuwa mvumilivu, kesi hakuifuta. Wakili wa kampuni alianza kuja na gazeti la kusoma.

Kisha Januari moja waasi waliingia Goma yenyewe. Siku zile sitaki kuzieleza hapa. Zilipokwisha, vizuizi vya Kibati viliondolewa, kwa kuwa sasa pande zote mbili zilikuwa na mwenyewe mmoja, na pikipiki zikaanza kushuka tena kutoka Rutshuru na magunia. Mwalimu alishuka na mojawapo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyofikiri, ana koti lililojaa vumbi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alimtazama muda mrefu langoni.

"Umechelewa, mwalimu."

"Barabara, mama."

"Ingia. Hakuna chai. Maji bado hayajatoka ziwani."

Kesho yake tulimpeleka mahakamani sisi wawili, mama na mimi, tukimwacha apumzike kila mahali penye kivuli. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Majaji walikuwa wameondoka na serikali iliyoondoka. Yule mama wa sauti ndogo tulisikia yuko Kinshasa, wengine walisema Kisangani. Barabara ilipofungwa jaji alikuwapo, na sasa barabara imefunguliwa jaji hayupo. Mlinzi mmoja, asiye na sare, alikuwa ameketi ndani kwenye kiti cha plastiki.

"Tunakuya juu ya kesi," mama alimwambia kupitia vyuma.

"Kesi hakuna, mama. Bajaji hawako."

"Watarudia lini?"

"Miye hawajaniambia."

Mwalimu akasogea, akashika vyuma vya lango. Alisema ametoka Kiwanja, ni shahidi, ana maneno machache tu, na kwa umri wake hawezi kuwa anakwenda na kurudi. Akauliza kama anaweza kuyaacha maneno hayo kwa mtu, ayatunze mpaka jaji arudi.

"Mutu gani?" mlinzi akauliza.

Mwalimu yuko Goma bado, kwa shemeji yake. Kesi haijafutwa wala haijaamuliwa.